Salaita na "Slaughter": Dhidi ya Etimolojia ya Masikio ya Mgeni

Katika barabara itokayo Voi kwenda Taveta, aghalabu msafiri hutambiwa hadithi fupi kuhusu kilima cha Salaita. Husimuliwa kwamba kilima hicho kilipata jina lake tarehe 12 Februari 1916, siku ambayo brigedi ya Afrika Kusini, ikipigana upande wa Waingereza, ilikishambulia na kurudishwa nyuma na jeshi la Wajerumani pamoja na askari wake Waafrika. Watu zaidi ya 130 wa brigedi hiyo waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Waingereza, yasemekana, waliyaita mauaji hayo "slaughter". Wenyeji, kwa kushindwa kulitamka neno hilo, wakasema Salaita. Hadithi hii ni tamu, na kwa sababu ya utamu wake hupokewa kama ithibati. Makala haya yanashikilia kwamba hadithi hiyo haina mashiko ya kiisimu, na kwamba mtazamo unaoibeba una madhara kuliko kosa lenyewe.

Ianzwe na sauti. Irabu ya kwanza ya "slaughter" ni ile isikikayo katika "court", "board" na "report". Kiswahili kimeyapokea maneno hayo kuwa korti, bodi na ripoti. Mpinzani aweza kutaja chaki na wadi, yatokanayo na "chalk" na "ward", ambamo irabu hiyo hiyo imegeuka kuwa a. Na iwe hivyo. Kwa njia ya kwanza litarajiwalo ni slota au silota. Kwa njia ya pili ni slata au silata. Mfuatano wa ai hauna mlango wa kuingilia. Katika maneno yetu ya mkopo kutoka Kiingereza, ai hutokana na sauti nyingine kabisa, kama ilivyo katika faini, laini, faili na tairi. Ili Salaita izaliwe na Kiingereza, pangehitajika neno mfano wa "slighter", ambalo halina uhusiano wowote na mauaji.

Vita hivyo hivyo vimetuachia shahidi mwingine. Kikosi cha wapagazi kiliitwa "Carrier Corps", na kutokana na jina hilo pakapatikana Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Neno "corps" lina irabu ile ile ya "slaughter". Waafrika wa zama hizo waliisikia, wakaitoa kwa o, kwa mujibu wa mfumo wa sauti wa lugha zao. Ni kwa mantiki gani basi sikio lililosikia o katika Kariakoo lilisikia ai chini ya kilima cha Salaita?

Hoja ya wakati nayo haipuuziki. Wajerumani waliiteka Taveta mwezi Agosti 1914, na kilima hicho wakakiita Oldorobo. Ndilo jina alitumialo Lettow-Vorbeck katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1920. Umbo la jina hilo, lenye ol- mwanzoni, ni la Kimaa. Yaani hata jeshi geni lilichukua jina kutoka katika lugha za eneo hilo. Nao waliotumwa kukiteka walikuwa na jina la kukiita kabla ya risasi ya kwanza kulia. Jina lililozaliwa na maafa haliwezi kuwatangulia waliopatwa na maafa hayo.

Basi hadithi ilitoka wapi? Jibu liko katika tabia inayojulikana ya lugha zote: sikio likutanapo na jina geni, hulivisha maana ya nyumbani. Huko Florida, Wahispania walikiita kisiwa kimoja Cayo Hueso, yaani kisiwa cha mfupa. Wazungumzaji wa Kiingereza walisikia "West" katika hueso, na kisiwa kikawa Key West hadi leo. Mfupa ukageuka magharibi, hali kisiwa kilibaki pale pale. Yamkini mkondo wa Salaita ni huo huo: sikio la Kiingereza lilikuta jina la Kiafrika, likasikia ndani yake "slaughter". Aliyekosea kusikia si Mtaveta wala Mtaita. Tofauti ni kwamba kosa la Mwingereza huko Florida huitwa historia ya lugha, ilhali Mwafrika hubandikwa kosa ambalo hakulifanya na kuambiwa kwamba ulimi wake ni mzito. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Wahakiki wa fasihi simulizi hawawezi kukaa kando. Hadithi ya asili ya jina ni matini, na matini huulizwa maswali: mtambaji ni nani, hadhira ni nani, na nani amenyimwa sauti? Katika matini hii mwenyeji ana tendo moja tu, nalo ni kukosea kutamka. Hana ardhi, hana kumbukumbu, hana lugha iliyotangulia mizinga. Hata wapagazi, ambao kwa hesabu ya serikali ya kikoloni yenyewe walikufa zaidi ya 40,000 katika vita vya Afrika Mashariki, hawana nafasi ndani yake. Mauaji yanayostahili kukipa kilima jina ni yale ya asubuhi moja ya wageni.

Kwa hiyo mwanafunzi aendaye nyanjani Taita Taveta hana budi kuinukuu hadithi hii kama hadithi, aitaje hadhira yake, na asiiweke kamwe katika safu ya etimolojia. Swali la maana ya Salaita liulizwe kwa Kitaveta, kwa Kidawida na kwa Kimaa, kwa wazee wa lugha hizo na kwa kanuni za sauti zake. Kiingereza kimekwisha kuulizwa, na irabu zake zenyewe zimekikana.