Shabani Nonda Aingie Kwanza

Burundi ikijenga ukumbi wa kuwaenzi wanasoka wake, jina la mshambuliaji wa kwanza kuandikwa ukutani liwe la Shabani Nonda. Nalisema hili nikijua nusu ya soko la samaki hapa Rumonge itanipinga. Wanunuzi wa ndagala wanaposubiri mitumbwi alfajiri hawana mada tamu kuliko hii, na hoja yao ni moja tu: Nonda hakuvaa jezi ya Intamba mu Rugamba, timu yetu ya taifa. Aliichezea Kongo.

Ni kweli. Alizaliwa Bujumbura mwaka 1977, akapitia Yanga ya Dar es Salaam, akaenda Afrika Kusini, FC Zürich, Rennes na Monaco, na timu ya taifa aliyoitumikia ni ya Kongo. Lakini mimi ni mtu wa ziwa. Mama yangu alizaliwa Baraka, ng'ambo ya Kongo, na shangazi zangu wameolewa Kigoma. Huku kwetu kumuuliza mtu ni wa taifa gani kabla ya kumpa kiti ni utovu wa adabu. Anayetaka kuwachuja watoto wa Bujumbura kwa pasipoti atawatupa wengi wa wale bora tuliowahi kuwalea.

Tuyaangalie mabao yenyewe. Msimu wa 2002/03 Nonda alifunga mabao 26 akiwa na Monaco na kuwa mfungaji bora wa ligi kuu ya Ufaransa. Agosti 2003 goti likaharibika, karibu msimu mzima ukampita. Aprili 2004, Monaco ikicheza na Chelsea nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, akatoka benchi na kufunga bao la tatu, mechi ikaisha 3-1. Fainali waliipoteza kwa Porto, mabao matatu kwa bila, naye akaingia kipindi cha pili. Wapo wanaosema baada ya goti lile hakuwa Nonda yule yule. Nakubali. Hata hivyo alikwenda Roma, Blackburn na Galatasaray, na kule Uturuki akatwaa ubingwa mwaka 2008. Mchezaji apimwe kwa kilele alichofika, na kilele hicho hakuna mwana wa pwani hii aliyekifikia.

Wa pili kwangu ni Amissi Tambwe, na hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaozitazama ligi za Ulaya peke yake. Mwaka 2013 Vital'O ya Bujumbura ilikwenda Sudan ikarudi na Kombe la Kagame la klabu za Afrika Mashariki na Kati, Tambwe akiwa mfungaji bora wa mashindano. Simba wakamchukua, akamaliza msimu wa kwanza na mabao 19, mfungaji bora wa ligi ya Tanzania. Akahamia Yanga, na msimu wa 2015/16 akawa mfungaji bora tena, safari hii kwa mabao 21. Kuifungia Simba ukapendwa, kisha ukavuka kwa watani ukafunga zaidi, kunataka moyo mgumu. Vijana ninaowafundisha mpira jioni, wengi wao watoto wa wavuvi na wakamuaji wa mawese, ligi wanayoifuata redioni ni hiyo ya Tanzania. Tambwe aliwaonyesha mlango ulio karibu, nao wameupita wengine: Saido Ntibazonkiza alimaliza msimu wa 2022/23 na mabao 17, sawa na Fiston Mayele wa Yanga.

Mohammed Tchité namweka wa tatu, na inaniuma. Mzaliwa wa Bujumbura huyu aliwika Standard Liège, kisha akawa bingwa wa Ubelgiji na Anderlecht mwaka 2007, mwenye kasi na hasira ya goli. Kilichomponza ni makaratasi: Ubelgiji ilimtaka, FIFA ikakataa. Hatukumwona kwenye mashindano makubwa ya mataifa, na mfungaji hukomazwa na mechi za namna hiyo. Simlaumu hata kidogo. Ila Tambwe aliiletea kombe klabu ya nyumbani, na kwa wawili hawa hilo ndilo linaloniamulia.

Wanaong'ang'ania bendera nawapa haki yao kwa jambo moja. Machi 23, 2019, Bujumbura, Amissi Cédric aliifungia Burundi katika sare ya 1-1 na Gabon, sare iliyotupeleka Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Kwenye fainali zenyewe, kule Misri, tulipoteza mechi zote tatu bila kufunga, lakini bao lile lilifanya mitumbwi ichelewe kuingia ziwani usiku ule. Litengewe ukuta wake pekee, liandikwe tarehe, dakika na majina ya wote waliokuwa uwanjani. Kwenye ukuta wa washambuliaji, hata hivyo, msimamo wangu haubadiliki: Nonda, Tambwe, Tchité.