Jumla Moja Haitoshi

Anayepita Tegeta hukiona kiwanda cha saruji cha Wazo, kilichoanza uzalishaji mwaka 1966. Mitaani mna nyumba zilizosimamia kwenye lenta. Mwenye nyumba yuko kazini mjini, na fundi ndiye anunuaye vifaa. Jioni huletwa jumla tu, na ugomvi mwingi huanzia hapo.

Tuchukue mfano. Jumatatu fundi amenunua mifuko 4 ya saruji na matofali 100 kwa shilingi 184,000. Jumatano amenunua mifuko 2 na matofali 150 kwa shilingi 212,000. Bei haikubadilika. Je, mfuko mmoja ni kiasi gani, na tofali moja?

Mwite mwanao wa sekondari aje na daftari. Bei ya mfuko aiite s, na ya tofali t. Maneno ya fundi yatageuka milinganyo miwili:

4s + 100t = 184,000
2s + 150t = 212,000

Mlinganyo wa pili auzidishe kwa 2, apate 4s + 300t = 424,000. Kisha atoe ule wa kwanza. Saruji itajifuta, yabaki matofali 200 kwa shilingi 240,000. Yaani tofali moja ni shilingi 1,200. Akirudi kwenye mlinganyo wa kwanza, mifuko 4 ni shilingi 64,000, na mmoja ni 16,000.

Angalia jambo hili. Vitu viwili visivyojulikana vinadai habari mbili, tena zilizo tofauti. Kama Jumatano fundi angenunua mara mbili ya vile vya Jumatatu, kwa mara mbili ya fedha, usingekuwa umeambiwa jipya lolote.

Basi Ijumaa fundi anasema mifuko 5 na matofali 200 vimegharimu shilingi 350,000. Kwa bei zile zile ingekuwa 320,000. Usikimbilie kumwita mwizi. Hesabu imekuonyesha pengo la shilingi 30,000. Sababu yake haikuitaja. Huenda bei imepanda, au nauli ya gari imo ndani. Muulize kwa upole, ukiwa na karatasi mkononi.

Na mtoto je? Huenda shuleni huyaogopa mafumbo haya, akidhani ni ya mtihani tu. Leo ameona kwamba herufi zile zaweza kulinda akiba ya wazazi wake na heshima ya fundi pia. Mpe risiti za wiki ijayo.