Nani Hasa Anamjaribu Mungu?

Picha iliingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu saa kumi na moja jioni, Jumapili moja ya Julai. Kule Ohio, Marekani, ilikuwa bado asubuhi. Mpwa wangu amepiga goti kando ya gari lake, helmeti kwapani, kichwa chini. Kulia kwake wanaume wawili wenye mikono iliyojaa grisi, na mbele yao mzee mmoja kashika Biblia iliyochanika jalada. Nyuma yanaonekana matairi yaliyopangwa, jenereta, na mtoto anayelamba aiskrimu bila habari na mtu. Chini ya picha ameandika: "Raundi ya kwanza inaanza. Mtuombee."

Dakika haikupita. Dada yetu mkubwa, ambaye kwa mpwa wangu ni mama mkubwa na kwa ukoo mzima ni mahakama ya rufaa, akajibu kwa ujumbe wa sauti.

"Mwanangu, mashindano ya magari na maombi wapi na wapi? Huko ni kumjaribu Mungu. Ibilisi alimpandisha Yesu juu ya hekalu ili ajirushe, Yesu akakataa. Wewe unajirusha mwenyewe, halafu unatuambia tukuombee!"

Hoja nzuri, na imesemwa vizuri. Shida ni kilichosikika nyuma yake: injini inanguruma, honi ndefu, na abiria mmoja anapaza sauti, "Dereva, punguza!" Dada alikuwa ndani ya basi la mkoani, anarudi Moshi kutoka Dar. Baadaye nikampigia kumwuliza kama alikuwa amefunga mkanda. Akacheka. Mkanda wa kiti chake ulikuwa umekatwa zamani, na kipande kilichobaki mtu alikitumia kufungia mfuko wake wa machungwa. "Lakini tuliomba kabla ya kuondoka," akasema. "Na dereva mwenyewe ameokoka."

Kwa heshima zote kwa dada: kati ya watu wawili hao, aliyekuwa akimjaribu Mungu jioni ile ni yeye.

Wengi tumelelewa na imani hii, kwamba gari la mashindano ni la wahuni, kasi ni ya Ibilisi, na mtu wa kanisani akionekana kwenye mbio basi amerudi nyuma kiroho. Nimeisikia kwa wachungaji, kwa mashemasi, kwa kina mama wa vikundi vya maombi. Wakati huohuo basi lenye jina la Yesu kwenye kioo cha nyuma linalipita lori kwenye kona, na sisi ndani tumesinzia usingizi wa amani.

Tuutazame mchezo wenyewe, maana wengi wanaoulaani wameuona kwenye sinema tu. Mbio za dragi ni magari mawili kwenye njia mbili zilizonyooka, umbali wa robo maili, yaani mita 402. Viwanja vingi vidogo hukimbia nusu ya hapo. Hakuna kona wala kubanana. Dereva analiingiza gari kwenye maji kidogo, anazungusha matairi mpaka yafuke moshi ili yapate joto na kushika lami, kisha analisogeza polepole hadi mstarini. Mbele yake kuna nguzo ya taa ambayo tangu miaka ya 1960 inaitwa mti wa Krismasi. Taa tatu za njano zinashuka moja baada ya nyingine, nusu sekunde kati yake, halafu kijani. Ukichomoka mapema, hata kwa elfu moja ya sekunde, inawaka nyekundu na habari yako imekwisha.

Mpwa wangu, kama wanavyofanya wengi wa ridhaa, hushindana kwa mtindo wa breketi. Dereva anaandika kiooni, kwa kiwi nyeupe ya viatu, muda anaosema gari lake litatumia. Mwenye 13.10 akipangwa na mwenye 11.20, wa kwanza anatangulizwa sekunde 1.90. Ndiyo maana gari la kupelekea watoto shule linaweza kuliaibisha gari lililokula mshahara wa miaka mitatu. Na sasa sikiliza vizuri: ukikimbia haraka kuliko ulivyoandika, umeshindwa. Umeandika 11.20 ukamaliza kwa 11.19, unafungasha, labda mwenzako naye awe amekosea kukuzidi. Mshindi ni yule anayelijua gari lake, akasema kweli juu yake, na akaondoka taa ikiruhusu.

Hiyo ndiyo kasi ya Ibilisi tunayohubiriwa. Mchezo unaomwadhibu mtu kwa kwenda mbio kuliko alivyoahidi! Ningependa kuona sheria hiyo ikitumika kwa mabasi yetu yenye kikomo cha kilomita 80 kwa saa.

Sisemi kwamba wote kule ni malaika. Wapo wajanja wanaoandika muda wa kobe, wakashika breki mita chache kabla ya mwisho ili wamshinde mwenzao kwa pua. Mpwa wangu anasema amelifanya hilo zaidi ya mara moja, na kwamba ibada ya asubuhi humuuma zaidi siku hizo.

Mwaka juzi nilikwenda kumtembelea, akanichukua kiwanjani tangu alfajiri. Kabla ya gari lolote kukimbia kuna foleni ya ukaguzi. Mkaguzi, mama mmoja mnene mwenye tochi, alichungulia chini ya boneti, akapapasa betri kama imekazwa, akaangalia helmeti, kisha akaushika mkanda wa mpwa wangu na kuusoma. Mikanda ile ina lebo iliyoshonwa yenye tarehe, na baada ya miaka miwili haikubaliki hata kama inang'aa. Wake ulikuwa umepitwa na mwezi mmoja. Mwezi mmoja tu! Mama yule akatikisa kichwa, akampungia gari lililofuata.

Mpwa wangu hakumwambia kwamba ameokoka. Hakumwambia kwamba ameomba. Alitoka kwenye foleni akiwa amenuna, na aliyemwokoa ni mzee wa Biblia, ambaye alikwenda kwenye trela lake, akafungua mkanda wa gari lake mwenyewe na kumwazima. Saa moja baadaye mzee huyohuyo alisimama kati ya matrela, kofia mkononi, akasoma Zaburi na kuomba. Aliwaombea watu wawe na akili timamu, mashine ziwe nzima, wapinzani warudi salama kwa wake zao. Kombe hakulitaja.

Wapo wengi kama yeye. Shirika la Racers for Christ kwa miongo mingi limekuwa likipeleka wachungaji viwanjani Marekani kwa ajili ya ibada fupi ya Jumapili, kuombea watu kabla ya kukimbia, na kazi nzito kuliko hizo, kukaa na mke wa dereva kwenye benchi la hospitali. Nani alituambia kwamba Mungu hafiki panaponuka petroli?

Historia nayo inawaumbua wanaosema mchezo huu ni wa kukimbia polisi. Mwaka 1951 Wally Parks, mhariri wa jarida la Hot Rod huko California, aliunda chama cha NHRA ili vijana waliokuwa wakishindana mabarabarani wapate pa kwenda. Aprili 1953 wakafanya mbio zao rasmi za kwanza kwenye eneo la maegesho la viwanja vya maonyesho vya Pomona. Mwaka uliofuata walituma watu wachache na gari moja lenye trela wazunguke nchi wakifundisha miji jinsi ya kuendesha mbio salama, na kiongozi wa msafara, Bud Coons, alikuwa ametoka kuwa sajenti wa polisi. Msafara huo waliuita Drag Safari. Ndiyo, safari, neno letu. Hadi leo kikosi cha uokoaji cha NHRA kinaitwa Safety Safari.

Na sisi wenyewe tumesahau haraka. Mwaka huohuo wa 1953 yalianza mashindano ya Coronation Safari kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yakawa Safari Rally na kwa miaka mingi yakafanyika sikukuu ya Pasaka. Wazee wetu walitoka ibadani wakaenda kujipanga kando ya barabara kumsubiri Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Sijasikia mzee aliyetengwa na kanisa kwa kushangilia lile vumbi.

Hata hivyo hoja yangu kubwa iko kwingine. Iko kwenye kinachofuata baada ya msiba.

Mwaka 1970, kwenye kiwanja cha Lions, Long Beach, sanduku la gia la Don Garlits lilipasuka na kumkata sehemu ya unyayo wa kulia. Enzi hizo dereva aliketi nyuma ya injini, mitambo yote ikiwa mbele na miguuni pake. Garlits akapona, akaunda gari lenye injini mgongoni kwa dereva, mwaka 1971 akaanza kushinda nalo, na wenzake wakamfuata. Juni 2008, Englishtown, New Jersey, injini ya Scott Kalitta ililipuka akiwa kwenye kasi kubwa, gari halikusimama, likapita mpaka mwisho wa eneo la kusimamia, akafa. Walimzika, wakamlilia, wakamwombea. Ndani ya wiki chache NHRA ikafupisha mbio za madaraja mawili yenye kasi kuliko yote kutoka futi 1,320 hadi futi 1,000, ili pawe na nafasi zaidi ya kusimama.

Sasa turudi nyumbani. Basi linapinduka, watu wanakufa, tunakusanya rambirambi. Mtu anasimama msibani anasema ajali haina kinga. Mwingine anaongeza kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Tunaitikia, tunakula pilau, tunapanda basi lingine la kampuni ileile. Tumemtwika Mungu makosa ya breki. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vya barabarani kuwa watu milioni 1.19 kwa mwaka, na ndicho kinachoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Kenya peke yake inazika zaidi ya 4,000 kila mwaka. Kama ajali haina kinga, yule mama wa tochi kule Ohio anapoteza muda wake.

Ipo hoja moja ya dada ninayoikubali nusu. Siku ya fainali ni Jumapili, na ibada ya dakika ishirini kati ya matrela haiwezi kuwa badala ya kanisa kwa mwaka mzima. Mskochi Eric Liddell aliacha mbio za mita 100 kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924 kwa sababu mchujo uliangukia Jumapili, akakimbia mita 400 na kuchukua dhahabu. Namheshimu. Mpwa wangu hafanani naye, na nimemwambia. Ila wanaomsema ni haohao wanaotoka ibadani saa nne na kufika uwanja wa mpira saa tisa, na Simba na Yanga wakicheza hata hawangoji baraka ya mwisho. Kama kosa ni Jumapili, tuseme ni Jumapili, tusisingizie injini.

Na wapo wakimbiaji wanaonichefua: wanaobandika msalaba kwenye boneti kama hirizi, wanaoamini Yesu ana upande kati ya njia ya kushoto na ya kulia. Hao nikiwaona nakuwa pamoja na dada. Hirizi ni hirizi, iwe kwenye gari la mashindano Ohio au kwenye daladala ya Mbagala.

Mbio za barabarani nazo sizitetei hata kidogo. Kijana anayefukuzana na mwenzake usiku wa manane kwenye barabara ya Thika, mbele ya bodaboda isiyo na taa, huyo anahitaji polisi kabla ya mchungaji. Lakini Parks alimtendea nini kijana kama huyo? Alimtafutia lami iliyofungwa, mkaguzi, gari la wagonjwa na sheria. Sisi tunamtafutia mahubiri.

Kwa hiyo nawageukia wachungaji wangu, tena kwa adabu. Mwezi ujao kwaya itasafiri kwenda tamasha, mtawaita waimbaji mbele, mtawawekea mikono. Fanyeni hivyo. Ila kabla ya kufumba macho, mmoja wenu apande ndani ya lile basi la kukodi, apite kiti hadi kiti, na ahesabu mikanda mingapi inafunga.