MLINZI WA BOMA NAYE APIKIWE

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Methali hii twaikariri darasani, twaitia kwenye insha, na mwalimu hutupa alama ya vyema. Lakini, wapenzi wasomaji, shule zikifungwa na sisi tukarudi makwetu, yupo mnyonge mmoja langoni ambaye haki yake hatumpi ng'o. Huyo si mwingine bali ni mbwa.

Hebu tuitazame kazi yake. Kule Igembe na Tigania, mashamba ya miraa hulindwa usiku kucha, na mlinzi wa kibinadamu akisinzia, anayebweka ni mbwa. Huku Embu, kuanzia Manyatta hadi Runyenjes, mwizi wa kahawa na makadamia haogopi kufuli, anaogopa mbwa. Ukiteremka Mbeere, mbwa ndiye anayeandamana na mchungaji nyuma ya mbuzi, na ndiye anayewafukuza tumbili kwenye mtama. Kazi yote hiyo haina mshahara, haina likizo, wala haina chama cha kutetea wafanyakazi.

Sasa tuutazame ujira wake. Jioni, watu wakishashiba, anatupiwa ukoko wa ugali. Siku nyingine anamwagiwa maji yaliyosuuza sufuria. Na kuna siku (hapa ndipo penye shida) gunia linafunguliwa, mahindi yanakutwa yamefanya kuvu, na mtu mzima na akili zake timamu anasema, "Usitupe! Mpikie mbwa."

Maoni yangu ni haya, na niko tayari kuyatetea mbele ya yeyote: tabia ya kumpa mbwa mahindi yaliyooza ikome, na badala yake kila boma lenye mbwa lijifunze kumwokea biskuti za nyumbani kwa vyakula vizima. Najua wengine wameshaanza kucheka. Chekeni tu, lakini mnisikilize hadi mwisho.

Kwanza, tuanze na hiyo kuvu. Mahindi yakihifadhiwa kabla hayajakauka sawasawa, au yakiwekwa penye unyevu, huota kuvu. Kuvu ya aina fulani hutoa sumu iitwayo aflatoksini, nayo hushambulia ini. Sisi wa upande huu wa Kenya hatuhitaji kuhadithiwa habari zake. Mwaka wa 2004, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 kati yao wakafa, wengi wakiwa wa Makueni na Kitui. Hao si watu wa mbali. Mahindi yao na yetu huanikwa chini ya jua moja na kunyeshewa na mvua zile zile.

Isitoshe, sumu hii iligunduliwa kwa sababu ya vifo vya mifugo. Mwaka wa 1960 nchini Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya njugu karanga yaliyokuwa na kuvu. Na mwishoni mwa mwaka wa 2020 huko Marekani, mbwa walianza kufa kwa kula chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye aflatoksini. Waliokufa walizidi 100. Sasa nauliza, kwani ini la Simba wetu ni la chuma? Mbwa akikataa chakula, akitapika, akilegea na macho yake yakageuka manjano, tunasema ati amerogwa au amewekewa sumu na jirani. Kumbe huenda sumu yenyewe ilitoka ghalani mwetu!

Na mtu asije akaniambia kwamba moto huua kila kitu. Joto la jikoni halimalizi aflatoksini. Ukiyachemsha mahindi mabovu, ukiyasaga, ukiyaoka hadi yawe kama mawe, sumu itabaki. Kwa hivyo biskuti ninazozisema si ujanja wa kuficha unga mbaya. Unga usioweza kumpikia mtoto wa nyumbani usimpikie mbwa.

Pili, mbwa mwenye njaa hakai nyumbani. Atalindaje lango na tumbo linanguruma? Atakwenda sokoni, kwenye jaa, na nyuma ya kichinjio, na huko atapigana na mbwa wasiojulikana wametoka wapi. Hapo ndipo kichaa cha mbwa huingilia. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu ni nadra sana mtu kupona, na karibu watu wote wanaoupata duniani huambukizwa na mbwa. Mwaka wa 2014 serikali ya Kenya ilitoa mpango wa kuhakikisha kwamba ifikapo 2030 hakuna mtu anayekufa kwa kichaa cha mbwa kilichotokana na kuumwa na mbwa. Mpango huo unategemea chanjo, na naomba nieleweke vizuri: biskuti haichukui nafasi ya chanjo hata kidogo. Lakini mbwa aliyezoea kupata kitu kitamu mkononi mwa mwenyewe hubaki karibu na boma, huitika akiitwa, na siku ya chanjo ikifika hukamatwa bila vita. Wale wanaofukuzana na mbwa wao kijiji kizima siku hiyo wanajua ninachosema.

Basi biskuti zenyewe zinapikwaje? Si kazi ngumu. Mahitaji ni haya:

Unga wa wimbi au wa mtama, kikombe 1.
Unga wa ngano isiyokobolewa, kikombe 1.
Viazi vitamu au malenge yaliyochemshwa na kupondwa, kikombe 1.
Yai 1.
Omena waliooshwa mchanga, wakachemshwa na kutwangwa, vijiko 2 vikubwa.
Maji kidogo, ikiwa unga utakataa kushikana.

Changanya vyote, ukande mpaka donge liwe gumu kuliko la chapati. Lisukume kwa chupa safi libaki na unene wa kidole chako kidogo, kisha ulikate kwa kisu vipande vya mraba vyenye upana wa vidole viwili. Utapata vipande hamsini hivi.

Mwenye joko la umeme au la gesi aliwashe hadi nyuzi 180, na aoke kwa dakika 25 hadi 30. Sisi wengine tusio na joko tusivunjike moyo, maana keki za harusi ngapi kijijini zimeokwa kwa sufuria? Chukua sufuria kubwa, tia mchanga mkavu na safi, weka juu ya jiko hadi mchanga upate moto. Panga biskuti kwenye sufuria ndogo au sahani ya bati, iweke juu ya mchanga, funika, na juu ya kifuniko utandaze makaa machache. Baada ya dakika 40 fungua uangalie. Zikishaiva, ziache karibu na moto zikauke hadi ziwe kavu kabisa, kwa sababu biskuti yenye unyevu itaota kuvu na tutakuwa tumerudi pale pale tulipotoka. Zikipoa, zitie kwenye mkebe wenye kifuniko. Zile hamsini zitawatosha mbwa wawili kwa karibu wiki mbili.

Mtaona sikutaja chumvi, sukari, hamira wala siagi. Mbwa havihitaji. Donge lenye hamira, mbwa akiliiba kabla halijaokwa, hufura ndani ya tumbo lake na kutoa pombe, naye huugua vibaya. Vitunguu, viwe vibichi au vimepikwa, huharibu damu ya mbwa, na vitunguu saumu vivyo hivyo. Chokoleti na zabibu, mbichi na kavu, ni sumu kwake. Kuna pia sukari ya bandia iitwayo zailitoli, ambayo hutiwa katika baadhi ya chingamu zisizo na sukari, nayo huweza kumwua kwa muda mfupi.

Na sisi wa Meru na Embu tuna sumu zetu za shambani ambazo wenzetu wa nchi nyingine hawazifikirii. Makadamia, ambayo ni mali kwetu, humdhuru mbwa. Hulegea miguu ya nyuma, hutetemeka na kutapika. Wengi hupona baada ya siku moja au mbili, lakini ya nini kumtesa? Kahawa nayo, iwe buni au masimbi ya kikombeni, ina kafeini ambayo huupigisha moyo wake mbio. Miraa pia humsisimua mpaka akaugua, kwa hivyo masalio ya miraa yasitupwe mahali mbwa anapolala. Kokwa la avokado likimezwa hukwama tumboni. Ajabu ya Mungu ni kwamba mlinzi huyu analinda mashamba ya vitu asivyoweza kuvila.

Jambo jingine ni kiasi. Biskuti ni kitoweo tu, si mlo. Zisizidi sehemu moja kati ya kumi ya chakula cha siku. Mbwa wa kawaida wa kijijini atatosheka na vipande viwili, kimoja asubuhi akitoka zamu na kimoja jioni akiingia. Chakula chake kikuu kiendelee kuwa ugali wa unga mzima uliochanganywa na kitu chenye protini kama omena, matumbo au maini yaliyopikwa, na maji safi yawepo siku zote. Mifupa ya kuku iliyopikwa tusimpe, maana huvunjika vipande vyenye ncha na kumtoboa matumbo.

Sasa nije kwa wapinzani wangu, kwa maana najua wapo.

Wa kwanza atasema, "Watu wanalala njaa, wewe unampikia mbwa biskuti?" Hoja hii ni nzito na siipuuzi. Miaka ya ukame, Mbeere na Tharaka zimewahi kulia njaa, na hakuna mwenye utu atakayemtanguliza mbwa mbele ya mtoto. Mwaka wa njaa, biskuti zingoje. Lakini mwaka wa mavuno, hebu tazama kinachohitajika: viazi vilivyokatwa na jembe wakati wa kuvuna, ambavyo havikai, malenge yaliyozidi, omena waliovunjikavunjika chini ya mfuko, yai moja. Vyote hivyo ni vizima na vinalika, ila mara nyingi huharibikia kwenye pembe ya jikoni. Haba na haba hujaza kibaba. Na tukipiga hesabu, mbuzi mmoja akiibwa kwa kuwa mbwa alikuwa jaani, hasara yake itanunua mayai mangapi?

Wa pili atasema, "Huo ni uzungu." Basi na asikie kisa cha biskuti ya mbwa. Inasimuliwa kwamba yapata mwaka wa 1860, Mmarekani mmoja aitwaye James Spratt alikuwa Uingereza, akawaona mbwa wa bandarini wakigombania biskuti ngumu za mabaharia zilizotupwa. Akapata wazo la kutengeneza za mbwa kwa ngano, mboga na nyama, akawauzia matajiri. Tazama basi, wazo lenyewe lilitoka kwa mbwa wasio na mwenyewe waliokuwa wakila masalio. Kilichokuwa cha kitajiri ni bei tu. Na biskuti yenye wimbi, viazi vitamu na omena, iliyookwa juu ya mchanga, ina uzungu gani? Wimbi lililimwa hapa kabla hatujayajua mahindi.

Wa tatu atasema, "Mbwa akidekezwa hawi mkali." Hili nalo halina mashiko. Mbwa mwenye njaa hunyamazishwa na mwizi kwa kipande cha nyama, na nyama hiyo pengine imetiwa sumu. Mbwa aliyeshiba, aliyefunzwa kupokea chakula kutoka kwa watu wa nyumbani pekee, si rahisi kuhongwa. Ukali unaotokana na njaa unaweza kununuliwa kwa mfupa mmoja.

Wenzangu, sisi ndio tunaotumwa kulisha mbwa jioni, si wazazi. Mwiko uko mikononi mwetu. Likizo ikifika, kila mwanachama mwenye mbwa nyumbani na aoke sufuria moja ya biskuti hizi, na akiona mahindi yenye kuvu yanapelekwa kwenye sufuria ya mbwa, aseme kwa heshima, "Mama, haya tuyafukie." Waelezeni wazazi habari za mwaka wa 2004, wengi wao wanaukumbuka vizuri kuliko sisi. Kisha tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tumwombe mwalimu wetu mlezi atuandalie mjadala: Je, mbwa wa Meru na Embu analipwa anachostahili? Mimi nimeshachagua upande wangu. Anayepinga na aje na hoja, asije na kicheko.