TUUPANDE KASIGAU KWANZA

Safari ya shule kila mwaka ni Mombasa. Si vibaya, lakini wengi wetu hubaki nyumbani kwa kukosa nauli. Maoni yangu ni kwamba tuupande kwanza mlima wetu wa Kasigau.

Wengi huudharau kwa kuwa una mita 1,641 tu. Ati ni kilima! Mimi niliupanda likizo ya Agosti pamoja na mjomba. Chini ni miiba na jua kali. Mbele zaidi miguu peke yake haitoshi: unashika mizizi, unatambaa mwambani, unahema. Halafu unaingia msituni, baridi na ukungu. Miti ile huunasa ukungu ukawa maji, nayo hushuka kwa mabomba hadi vijijini.

Kila siku tunakinga ndoo, na msitu wenyewe hatuujui. Tutautunzaje? Walimu wetu, tutafutieni mwenyeji anayezijua njia, tupande sote, wasichana kwa wavulana. Mombasa tutaenda siku nyingine. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.