Kuandika Kilichoonekana: Somo la Haki na Amani katika Shule ya Msingi

Wanachuo wanaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha aghalabu huniletea andalio la somo juu ya haki za binadamu lenye sura ile ile. Utangulizi: wanafunzi wataje maana ya haki. Maendeleo ya somo: mwalimu aorodheshe haki ubaoni. Hitimisho: wanafunzi wanakili. Tangazo la Ulimwengu juu ya Haki za Binadamu la mwaka 1948 lina vifungu 30, nami nimewahi kumsikia mtoto wa darasa la tano akivitaja kumi na viwili bila kupumua. Saa ya mapumziko mtoto huyo huyo aliulizwa ni nani aliyevunja ndoo ya mwenzake. Akajibu, "Ni wale wa ng'ambo ya mto, ndiyo kawaida yao." Naye hakuwapo ndoo ilipovunjika.

Kwa maoni yangu, orodha ile haikumfundisha kitu. Haki katika kijiji hulindwa kwanza na mtu ajuaye kutazama, kukumbuka na kueleza alichokiona bila kutia chumvi. Watu huidhania kazi ya kufuatilia haki za binadamu kuwa ni ya tume na mawakili peke yao. Ni kweli kwamba Tanzania inayo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanza kazi mwaka 2001 na kurithi shughuli za Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya mwaka 1966. Lakini tume yoyote hutegemea ushahidi wa watu waliokuwapo, na watu hao hufunzwa, au hukosa kufunzwa, katika madarasa yetu.

Mfano ninaoupenda unatoka kwa jirani zetu. Baada ya ukame wa miaka ya 1991 na 1992, koo za Wasomali wa Wajir, kaskazini mashariki ya Kenya, zilipigana vikali. Ugomvi ukaingia hata sokoni, akina mama wa ukoo huu wakawa hawauziani wala hawanunuliani na wa ukoo ule. Mwaka 1993 wanawake wachache wa mjini, mmoja wao akiwa Dekha Ibrahim Abdi, ambaye mwaka 2007 alipewa tuzo ya Right Livelihood, walikutana wakakubaliana kwamba mwanamke wa ukoo wowote awe huru kununua na kuuza. Kisha wakaweka kamati ya kulitazama soko kila siku, na kila tukio likapelekwa kwenye kamati hiyo. Mwaka huo huo wazee wa koo nao walifikia makubaliano yao, yajulikanayo kama Azimio la Al-Fatah. Angalia utaratibu wao, ndugu mwanachuo. Kabla ya makubaliano ya wazee, walikuwako akina mama waliosimama sokoni wakiangalia nani kakatazwa maziwa, lini, na nani.

Basi tufundisheje? Nimejaribu njia moja kwa darasa la tano na la sita, nami naipendekeza. Zana zake ni ndoo mbili na ubao. Wape watoto wawili mchezo mfupi wa kuigiza: wako bombani, mmoja apite mbele ya foleni, wasukumane, ndoo ianguke. Watoto wengine watazame kimya. Mara mchezo uishapo, kila mtoto aandike sentensi tano za mambo yaliyotokea. Wakati wakiandika, chora ubaoni safu tatu: Nimeona, Nimeambiwa, Nadhani. Kisha kila mtoto asome sentensi zake, na darasa liamue kila sentensi iwekwe safu gani.

Hapo ndipo penye utamu wa somo. Sentensi "Alimpiga" itapingwa mara moja, maana wengine waliona kusukuma. "Alimsukuma makusudi" itazua ubishi mrefu, nawe usiukate upesi. Waulize kama yuko aliyeyaona makusudi kwa macho. Polepole neno hilo litahamia safu ya tatu. Vivyo hivyo "siku zote hufanya hivyo". Neno la kulinda zaidi ya yote ni "wale". Mtoto akiandika "wale wa bondeni wana fujo", mwulize ni wangapi aliowaona. Atasema mmoja. Ugomvi wa vijiji, wa wakulima na wafugaji, wa koo na koo, hupata nguvu pale tendo la mtu mmoja linapoandikwa juu ya jina la wengi. Mtoto aliyezoea kulirudisha tendo kwa mtendaji wake atakuwa mjumbe mwema wa baraza la ardhi la kijiji siku moja. (Vipindi viwili vinatosha kwa zoezi hili. Atakayetaka kulimaliza katika dakika arobaini ataishia kuhubiri.)

Tahadhari moja ni ya lazima. Zoezi hili ni la mambo ya kuigiza, au ya ugomvi mdogo wa uwanjani. Mtoto anayeumizwa nyumbani, au aliyeingiliwa mwili wake, habari yake si ya ubaoni wala ya mstarini. Isikilize faraghani, usimhoji kama askari, wala usimwahidi kwamba utaificha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aitoe kwa serikali ya mtaa wa mahali pale. Afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi wapo kwa kazi hiyo.

Sasa nigeukie jambo ambalo najua halitapendwa na wote. Watoto watakuamini juu ya safu zile tatu endapo nawe unazifuata. Kanuni za mwaka 2002 juu ya adhabu ya viboko shuleni Tanzania Bara ziliweka viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe katika kitabu: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na jina la aliyeadhibu. Kenya ilikwisha kuiondoa adhabu hiyo mwaka 2001, na mimi ningependa nasi tuiondoe. Lakini maadamu kitabu kimewekwa na kanuni, hicho ni chombo cha kufuatilia haki ambacho kila shule ya msingi hupaswa kuwa nacho.

Nilipokuwa mwalimu kijana, katika shule ambayo sitaitaja, nilikuwa mwalimu wa zamu siku wavulana wawili walipogombana njiani. Sikuuliza. Niliwachapa wote wawili, bila kibali, wala sikuandika. Jioni baba wa mmoja alifika akidai mwanawe alionewa kwa sababu ya kabila lake. Sikuwa na la kumjibu. Sikujua nani alianza, sikuwa na shahidi, na idadi ya viboko niliyoitaja mimi haikuwa aliyoitaja mtoto. Jamaa za watoto wale walikaa miezi kadhaa bila kusalimiana, na mkono wangu ulikuwamo.

Kwa hiyo, utakapofika shule ya mazoezi, mwombe mwalimu mkuu kwa adabu akuonyeshe kitabu cha adhabu pamoja na azimio la kazi na mahudhurio. Tazama tarehe ya mwisho iliyoandikwa, halafu tazama fimbo iliyo juu ya meza ya walimu. Ukikabidhiwa fimbo bila barua, irudishe. Ukimkuta mtoto na mwenziwe wanagombana, chukua kalamu kwanza, na uwasikilize mmoja mmoja.