Saratani ya shingo ya kizazi: Kwa nini kipimo cha siki hakitoshi

Nchi jirani za Afrika Mashariki zimepiga hatua kubwa dhidi ya saratani ya shingo ya kizazi. Rwanda ilitangulia barani Afrika kwa kutoa chanjo ya virusi vya HPV nchi nzima mwaka 2011. Uganda ikafuata 2015, Tanzania 2018 na Kenya 2019. Hata hivyo, wanawake waliokwisha kuwa watu wazima chanjo ilipoanza wanategemea upimaji, na ipo aina ya saratani hii, adenokasinoma, inayoukwepa.

Saratani nyingi za shingo ya kizazi huota upande wa nje, panapoonekana. Adenokasinoma huanzia katika seli za tezi zinazotoa ute, mara nyingi ndani ya mfereji unaoelekea kwenye mji wa mimba. Katika vituo vingi vya afya vya ukanda huu, muuguzi hupaka siki na kutazama kwa macho. Njia hiyo ni nafuu na imeokoa maisha ya wengi, lakini jicho halifiki ndani ya mfereji. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza kipimo cha vinasaba vya HPV, kinachobaini virusi vya aina ya 16 na 18 vinavyosababisha sehemu kubwa ya adenokasinoma. Mwanamke anaweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe.

Uwezekano wa kupona hutegemea zaidi hatua ya ugonjwa. Ukigunduliwa ungali ndani ya shingo ya kizazi, upasuaji huweza kuuondoa, na wagonjwa wengi huwa hai miaka 5 baadaye. Ukishaenea katika nyonga, huhitajika mionzi ya nje na ya ndani pamoja na dawa ya sisplatini, na adenokasinoma huelekea kuwa sugu zaidi. Kwa hiyo kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, kusipuuzwe hata kama kipimo cha siki hakikuonesha kitu.

Kuhusu mionzi, ukanda huu una somo la karibu. Mwaka 2016 mashine pekee ya Uganda, katika Hospitali ya Mulago, iliharibika, na waliokwama ni pamoja na wagonjwa wa nchi jirani walioitegemea. Uganda imepata mashine mpya, nayo Rwanda ilianza kutoa tiba hiyo mjini Kigali mwaka 2019.

Lengo la WHO kufikia 2030 ni kuchanja asilimia 90 ya wasichana, kupima asilimia 70 ya wanawake na kutibu asilimia 90 ya watakaokutwa na ugonjwa. Lengo hilo linataka kipimo chenye ubora wa juu, kinacholingana na kile cha HPV. Serikali itakayohesabu waliopimwa kwa siki pekee huenda ikatangaza mafanikio, ilhali wenye adenokasinoma wanaendelea kufika hospitali wakiwa wamechelewa.